Kiti Kisichokuwamo Katika Ikama

Kuna ala moja ya muziki iitwayo basuni. Wengi wetu tunaoishi huku Temeke, Mbagala, Kinondoni na Mwananyamala hatujapata kuiona kwa macho. Ni neli ndefu ya mbao, yapata mita mbili na nusu kama ingenyooshwa, lakini imekunjwa katikati ili mtu aweze kuikumbatia. Hupulizwa kupitia vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, na sauti yake ni nene na ya chini, kama ya mzee anayezungumza polepole barazani. Katika okestra kubwa za Ulaya wapuliza basuni huwa wawili, mara nyingine watatu au wanne, nao huketi katikati ya kundi, nyuma ya wapiga fidla. Msikilizaji asiyezoea hawatambui mpaka siku wasipokuwapo, hapo ndipo anapohisi kwamba muziki umepwaya.

Nimeitaja ala hii ya mbali kwa sababu moja. Mpiga gitaa aweza kuketi peke yake chini ya mwembe na watu wakamkusanyikia. Mwimbaji hahitaji hata ala. Lakini mpuliza basuni, hata awe hodari namna gani, peke yake hana kazi. Hakuna atakayemwita aje kumtumbuiza bibi harusi. Maisha yake yote ya kazi yanategemea kiti alichowekewa na watu wengine: okestra yenye mishahara, yenye ala, yenye mahali pa mazoezi na yenye mlipaji asiyechoka. Kwa hiyo atakaye kujua kama nchi fulani imeukubali muziki kuwa kazi hasa, asiwatazame waimbaji mashuhuri. Amtazame mpulizaji wa safu ya nyuma. Katika insha hii nataka tuwatazame wapulizaji wa Dar es Salaam. Hao walipuliza tarumbeta na saksafoni, si basuni, lakini walikalia kiti cha namna ileile.

Tuanze na yaliyo yetu. Pwani ya Afrika Mashariki si mgeni wa tete mbili. Zumari, inayojulikana tangu zamani Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, ni ndugu mdogo wa basuni: nayo hulia kwa vipande viwili vinavyotetemeka midomoni mwa mpulizaji. Ilipuliziwa ngoma na harusi, na mpiga zumari aliyejua kazi yake alisifika mtaa mzima. Hata hivyo malipo yake yalikuwa tuzo. Alilipwa usiku ule, kwa kadiri ya furaha ya wenye shughuli, na asubuhi alirudi kwenye jahazi lake, shamba lake au cherehani yake. Alikuwa fundi, lakini hakuwa mwajiriwa.

Mshahara wa mwezi kwa mtu wa kupuliza ulikuja na bendera. Masultani wa Unguja, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walikuwa na bendi yao ya mtindo wa Kizungu, na wapigaji wake walikuwa Wagoa walioletwa kwa kazi hiyo. Serikali za kikoloni, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, ziliweka matarumbeta katika majeshi yao. Watu wa pwani walipoyasikia hawakungoja kualikwa. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianza ngoma ya beni, wakiiga gwaride, vyeo na sare, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mitaa ya Dar es Salaam iligawanyika baina ya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, na ndani yake anaonyesha kwamba kwa wachezaji hao haikuwa kuiga tu. Ilikuwa njia ya kupanga jamii yao mpya ya mjini. Lakini wana beni nao walitoa ada kutoka mifukoni mwao. Vivyo hivyo vilabu vya dansi vilivyofuata, kama vile Dar es Salaam Jazz Band, vilianza vikiwa vya makarani, mafundi na wapishi waliopiga muziki baada ya saa za kazi.

Sasa tuvuke bahari kidogo, tuone kiti kilichokamilika kinavyokuwa. Archie Camden alizaliwa Uingereza mwaka 1888. Akiwa kijana aliingia katika okestra ya Hallé ya mji wa Manchester, okestra iliyoanzishwa mwaka 1858, na mwaka 1914 akawa mpuliza basuni wake wa kwanza. Mwaka 1926 aliirekodi kwenye santuri kazi ambayo Mozart aliitungia basuni na okestra mwaka 1774, akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1933 Camden alihamia okestra ya simfonia ya BBC, yaani ya redio ya umma, akakaa huko hadi mwaka 1946. Alifariki mwaka 1979, akiwa na miaka zaidi ya 90, na anakumbukwa na wote wanaojifunza ala hiyo.

Ninachokitazama katika maisha haya ni jambo moja. Camden alipoondoka Manchester, kiti chake hakikuondoka naye. Kilibaki pale, kikatafutiwa mtu mwingine, na baada ya huyo akatafutwa mwingine tena. Kilikuwa na jina, mshahara na wajibu. Aidha, mlipaji wa kiti chake cha pili alikuwa kila mwananchi aliyelipia leseni ya redio, awe anaipenda basuni au haipendi. Hii ndiyo maana ya neno kazi kama tulivyofundishwa sisi watumishi wa umma: nafasi ambayo imo katika ikama, iliyokuwapo kabla yako na itakayokuwapo baada yako.

Je, sisi tulipata kuwa na kiti cha namna hiyo? Jibu langu ni kwamba tulikaribia sana, pengine kuliko tunavyokumbuka.

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa na kuunganishwa kuwa chama kimoja, NUTA. Mwaka huohuo chama hicho kilianzisha bendi, NUTA Jazz. Wanamuziki wake hawakuwa wanachama wa klabu wanaotoa ada. Walikuwa waajiriwa, wakilipwa mshahara kila mwezi, na ala zilinunuliwa na mwajiri. Mfano huo ulienea haraka. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kiliunda Urafiki Jazz chini ya Juma Mrisho, aliyejulikana kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba. Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, ambayo baadaye ilikuwa na ukumbi wake Kinondoni. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli, na Polisi na Magereza nao hawakuachwa nyuma. Zikaja UDA Jazz ya mabasi, Bandari Jazz ya bandarini, na Bima Lee ya shirika la bima. Mwaka 1978 kampuni ya teksi na usafiri iliunda bendi katika baa ya Mlimani Park, na mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ikaitwa DDC Mlimani Park Orchestra. Tuliozoea tuliiita Sikinde, kama tulivyoiita bendi ya wafanyakazi Msondo.

Tazameni lile neno okestra. Wapo wasomi waliolicheka, wakisema kwamba okestra ni watu 80 wenye fidla na basuni. Mimi sikulicheka. Bendi hizo zilikuwa na sifa mbili za okestra zilizo kubwa kuliko idadi ya watu. Kwanza, zilikuwa na kundi la wapulizaji waliokaa safu moja na kusema kwa sauti moja. Mwimbaji alipomaliza ubeti, matarumbeta na saksafoni yalimjibu kwa pamoja, bila mmoja kumtangulia mwenzake hata kwa nukta. Wimbo ulipoingia katika chemko, gitaa zikaanza kukimbizana, safu ile ndiyo iliyokuwa ikiwainua wachezaji kutoka vitini. Pili, zilikuwa na mlipaji asiyekuwa mpenzi wa wimbo wa usiku ule. Ukumbi ukiwa na watu 500 au 50, mwisho wa mwezi mpulizaji alikwenda dirishani kutia sahihi.

Safu hiyo ya nyuma ilikuwa na mabingwa wake. Joseph Lusungu kwa tarumbeta na mwenzake Mnenge Ramadhani walisikika katika Msondo kwa miaka mingi. Katika Sikinde alikuwapo Michael Enoch, aliyeitwa King kwa ustadi na Ticha kwa tabia yake ya kufundisha. Alijulikana kwanza kwa gitaa katika Dar es Salaam Jazz, na baadaye kwa saksafoni na uongozi katika Mlimani Park. Jina la Ticha nalipenda, maana linatuambia mahali elimu ya upulizaji ilipopatikana. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na kwa upande wetu wa elimu Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kilijulikana kwa kuandaa walimu wa muziki. Lakini wapulizaji wengi wa bendi walifunzwa ndani ya bendi na aliyewatangulia, mazoezini, mchana wa siku za kazi. Mazoezi ya mchana! Hayo hayawezekani kwa mtu anayeshinda gereji au sokoni. Mshahara ulinunua muda, na muda ulizaa ustadi ambao mpaka leo tunausikia katika kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania, studio zake zikiwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere.

Hata hivyo kiti chetu kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Jirani yangu wa Tandika, ambaye sasa ni marehemu na jina lake nitalihifadhi, alipuliza saksafoni kwa miaka 19 katika bendi ya shirika moja la umma. Tulizoea kukaa naye nje jioni, mimi na madaftari ya kusahihisha, yeye na redio yake. Aliniambia kwamba saksafoni haikupata kulala nyumbani kwake hata usiku mmoja. Baada ya dansi ilirudishwa stoo, ikahesabiwa, mlango ukafungwa. Kilichokuwa chake ni tete tu, zile za kufungia mdomoni mwa ala, ambazo alizihifadhi katika kijisanduku cha kiberiti kwa kuwa hazikupatikana madukani na ilibidi kuziagiza kwa mabaharia. Tete moja aliikwangua kwa wembe na kuitumia mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Shirika hilo lilipopunguza wafanyakazi katika miaka ya 1990, jirani yangu alipewa barua. Alinionyesha. Ilimshukuru kwa utumishi wake akiwa mhudumu wa ofisi. Alidhani ni makosa ya mpiga chapa, akaenda kuuliza. Karani akamfungulia jalada na kumweleza kwa upole kwamba hayakuwa makosa: katika ikama ya shirika hapakuwa na cheo cha mpuliza saksafoni. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameandikwa mhudumu, na mafao yake yamepigiwa hesabu ya mhudumu. Saksafoni yenyewe iliorodheshwa pamoja na meza, makabati na mashine za kuandikia, ikauzwa. Aliyeinunua alikuwa ameifuata ile seti ya meza.

Nimekuwa mwalimu mkuu, najua maana ya ikama. Mwalimu wa hisabati akihama, naandika barua kwamba nina upungufu wa mwalimu mmoja wa hisabati, na barua hiyo ina nguvu kwa sababu nafasi inatambuliwa. Lakini huwezi kuomba ujaziwe nafasi ambayo haipo. Jirani yangu alikuwa na kazi kwa miaka 19 na wakati huohuo kazi hiyo haikuwapo. Alipuliza akiwa amekalia kiti ambacho kwenye karatasi kilikuwa hewa.

Kutokana na udhaifu huo tunaelewa mambo mawili ya historia ya muziki wetu. La kwanza ni kuhamahama. Watu waliwalaumu wanamuziki kwa kutotulia, lakini tuangalie mkondo wenyewe. Mwaka 1978 Mlimani Park ilipoanza, iliwavuta watu kutoka bendi nyingine, miongoni mwao mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo kutoka Msondo. Mwaka 1985 mfanyabiashara binafsi alipoipa uhai mpya Orchestra Safari Sound, Gurumo akahama tena pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar na wenzao kadhaa. Mwanamuziki asiye na ala wala cheo alikuwa na mali moja tu ya kuuza, nayo ni kuondoka kwake. Tena hata katika kuondoka mwimbaji alikuwa na nafuu, kwani sauti yake alikwenda nayo. Mpulizaji aliondoka mikono mitupu, na huko aendako aliomba kwanza aulizwe kama ipo tarumbeta.

La pili ni namna mambo yalivyoanguka. Hapakuwa na siku moja ya maafa. Tangu mwaka 1986, nchi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, mashirika ya umma yalianza kubanwa, na katika miaka ya 1990 mengi yaliuzwa au kufungwa. Shirika likifa, bendi yake ilikuwa ya kwanza kutupwa. Wakati huohuo kanda zilizonakiliwa ovyo zilijaa sokoni, disko likashika vijana, na mwaka 1994 Radio One na ITV zilipoanza, mtu aliweza kustarehe bila kutoka nyumbani kwake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimeingia pia kinanda cha umeme. Kinanda kile kilikuwa na kitufe cha tarumbeta na kitufe cha saksafoni. Mtu mmoja, kwa vidole viwili, alijibu mahali walipojibu watu wanne. Hakikulia sawa, kila mwenye masikio alijua, lakini mhasibu hasikilizi kwa masikio. Aliona watu wanne wanaokula na chombo kimoja kisichokula. Safu ya nyuma, ambayo haikuwa na jina katika ikama, ilikuwa rahisi mno kufutwa, maana hakuna kilichohitaji kufutwa.

Bendi mbili kubwa hazikufa. Msondo ilipita katika mikono ya NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe ikasimama kwa miguu ya wanamuziki wenyewe. Sikinde nayo iliendelea. Kwa miaka mingi iliyofuata mtu aliweza kwenda TCC Club Chang'ombe siku ya mpambano wa bendi hizi mbili na kuzisikia tarumbeta halisi zikimjibu mwimbaji. Lakini sasa walikuwa wakilipwa kwa viingilio vya mlangoni. Mvua ikinyesha, mshahara umenyesha nayo. Taratibu wakawa wamerudi alikokuwa mpiga zumari: malipo kwa kadiri ya furaha ya usiku ule.

Matokeo yake tuliyaona wazi mwaka 2013. Gurumo, aliyeingia NUTA Jazz mwaka 1964, alitangaza kustaafu akiwa mzee na mgonjwa. Kijana Diamond Platnumz, mwanamuziki wa kizazi kingine kabisa, alimpa zawadi ya gari. Watu walishangilia, nami nilifurahi, kwa kuwa ilikuwa adabu njema ya kijana kwa mzee wake. Gurumo alifariki Aprili 2014. Lakini furaha yangu ilikuwa na uchungu ndani yake. Zawadi si kiinua mgongo. Zawadi hutegemea moyo wa mtoaji na umaarufu wa mpokeaji. Kiinua mgongo hudaiwa, hata na mtu asiyependwa, hata na mtu asiyejulikana. Gurumo alikuwa jina kubwa, ndipo akakumbukwa. Nani angemkumbuka mtu wa tarumbeta ya tatu?

Kuna hoja zinazopinga ninayoyasema, na haifai kuzikwepa. Ipo inayosema kwamba bendi za mashirika zilikuwa mateka: aliyelipa mshahara alichagua pia la kuimba, na nyimbo nyingi za kusifu viongozi na kampeni zilitungwa kwa sababu hiyo. Ni kweli. Lakini safu ya wapulizaji haikuwa na maneno, na katika nyimbo hizohizo za kampeni walipuliza mambo ambayo tunayasikiliza leo wakati kampeni zenyewe zimesahauliwa. Ipo nyingine, nzito zaidi: kwa nini mfumaji wa kiwandani, anayehesabu senti zake, alipie tarumbeta? Hilo ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba analipia pia mpira wa shirika, magwaride na karamu za wageni, na kwamba katika hayo yote dansi ya Jumamosi ndiyo iliyomfikia yeye mwenyewe. Wala hatuzungumzii jeshi la watu. Safu kamili ni watu wanne au sita.

Tena tusidhani kwamba upendo peke yake unatosha. Kinshasa ina okestra ya simfonia ya kanisa la Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ambayo filamu ya mwaka 2010 iliitangaza duniani. Nairobi imekuwa na okestra yake tangu mwaka 1947. Hawa wote ni watu wa kuheshimiwa sana, lakini ni watu wa kujitolea: mchana wanauza, wanafundisha au wanashona, jioni wanapiga Beethoven. Wanathibitisha kwamba Mwafrika akitaka kupiga ala yoyote ataipiga. Hawathibitishi kwamba anaweza kuila.

Leo hapa Tanzania mpulizaji mwenye cheo na pensheni yumo karibu daima ndani ya sare. Bendi za Polisi, Jeshi na Magereza bado zina matarumbeta, na katika sikukuu za taifa ambazo gwaride hufanyika Uwanja wa Uhuru, Temeke, ndizo zinazotusimamisha kwa wimbo wa taifa. Huko mpulizaji akistaafu, nafasi yake inajazwa. Hakuna anayeuliza kama gwaride linaleta faida. Kumbe tunajua kuweka kiti tunapotaka.

Kinachonisikitisha zaidi kinapita karibu na nyumbani. Barabara ya Kilwa inakatiza Mtoni na Mbagala kuelekea kusini, na huko kusini, Kilwa na Lindi, ndiko unakoota mpingo wetu. Basuni hutengenezwa kwa mti mwingine wa nchi za baridi, lakini majirani zake katika okestra, klarineti na obo, huchongwa kwa mpingo, na mafundi wa dunia nzima wanautafuta mti huu kutoka Tanzania na Msumbiji. Kwa hiyo tumewahi kuketi vibarazani huku Temeke na kuutazama ukipita juu ya malori kwenda kuwa klarineti ya mtu mwingine. Ukishapata vifungo vyake vya fedha, bei yake inashinda mshahara wa mwalimu wa mwaka mzima, nao haurudi.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwa hatua njema, nayo imewasaidia watunzi. Lakini sheria hiyo yaweza kumlipa aliyetunga, haiwezi kumwumbia kiti aliyeketi nyuma yake. Kiti huumbwa na ikama. Dar es Salaam ina halmashauri zake: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina orodha ya vyeo, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti. Ningependa kuona katika orodha mojawapo, hata iwe moja tu, mistari sita imeongezwa: wapiga tarumbeta wawili, wapiga saksafoni watatu, mpiga tromboni mmoja. Wapige katika sherehe za wilaya, wafundishe katika shule za msingi mchana, na ala zilale shuleni mahali watoto wanapoweza kuzigusa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya magari mawili ya ofisi.

Na yule atakayeandika barua ya ajira ya kwanza, nampa ushauri wa mwalimu mkuu mstaafu: mahali palipoandikwa cheo, asiandike mhudumu. Aandike mpuliza saksafoni, kwa herufi zinazosomeka, apige mhuri, na nakala iwekwe jaladani.